Nililibomoa Tuta Lililokuwa Linatulinda

Kosa ni langu. Nimejaribu kumtwika mtu mwingine, limekataa kutoka mabegani mwangu.

Ninaishi Manyatta, kando ya barabara ya kuelekea Kondele. Pikipiki na magari yalikuwa yakipita hapo kama yanafukuzwa. Tuliiandikia ofisi ya barabara ituwekee tuta. Kimya. Basi majirani wakajenga lao, la mawe na udongo, wakalishindilia kwa miguu. Madereva wakapunguza mwendo siku hiyo hiyo!

Mimi sikufurahi, kwa kuwa tuta hilo halikuwa na kibali. Shule niliachia darasa la nane, lakini sheria za barabara nimejisomea mwenyewe, kifungu kwa kifungu. Nikaiandikia ofisi ile barua safi ya kuomba tuta halali, kila aya na nambari yake. Na afisa akanijibu! Alisema hawezi kukagua barabara yenye tuta haramu. Tulitoe kwanza, kisha atatuletea la lami.

Nikaitisha mkutano, nikaisoma barua hiyo kama mhubiri.

“Mzee, huyo anakucheza,” akasema Mama Atieno, jirani yangu anayeuza dagaa wa omena ng'ambo ya barabara. “Tuta tunalo. Unalitoa ndio uletewe tuta?”

“Mama, mambo yana utaratibu.”

Utaratibu! Nikalibomoa kwa mikono yangu, watu wakinitazama.

Afisa alikuja, viatu vinang'aa. Akapiga picha, akanishika mkono. “Wananchi kama huyu ndio tunataka,” akasema. Nikavimba kama chura.

Wiki chache baadaye nikapata nakala ya ripoti yake. Mstari mmoja tu: tuta haramu limeondolewa, suala limefungwa. Kumbe kwake hatari ilikuwa tuta lenyewe!

Kabla sijamaliza kuandika rufaa, gari aina ya probox lilimgonga Mama Atieno akivuka na beseni lake, mchana kweupe. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Nilienda kumwona wodini. “Bwana Kifungu,” akasema, “lami umeniletea?”

 

Majirani wamelijenga tuta upya. Nilipokwenda kusaidia kubeba mawe, mmoja akaniambia, “Omera, ndugu yangu, wewe rudi kwa barua zako.” Nikarudi.

Msomaji, ukiambiwa uondoe kinachokulinda ili uletewe kizuri zaidi, mwambie akilete kwanza. Akikasirika, mwache akasirike. Hasira ya afisa haijawahi kumkata mtu mguu.