Mkono wa Mchungaji na Kamera Iliyogoma

Jamani, aibu nyingine hazina pa kufichwa, maana zinakupata mbele ya usharika mzima na spika zikiwa zimewashwa. Yangu ni ya namna hiyo. Mpaka leo nikienda kwa wakwe zangu kule Mlalo, nikipita tu sokoni, hakosekani mama mmoja nyuma ya fungu la karoti wa kuniuliza, "Haya, imetoka?" na wenzake wote wanaangua kicheko, nami nacheka nao maana nitafanya nini, na ukinuna ndiyo unawapa raha zaidi.

Mimi ni mpiga picha, niko Lushoto mjini. Napiga za pasipoti, za mahafali, na mwisho wa wiki naenda Irente kuwapiga picha wageni wanaosimama pale juu ya mwamba wakitanua mikono (wote wanatanua mikono, sijui nani aliwafundisha). Nimezaliwa Mombo, kule chini kwenye jua, nikaolewa milimani. Mama mkwe wangu ni mtu mwema sana, lakini kazi yangu alikuwa haielewi. Kwake kazi ni jembe, ualimu au unesi, basi. Akiniuliza habari za mjini alikuwa anasema, "Na kile kimchezo chako kinaendeleaje?" Nilikuwa naumia, lakini huyo ni mama wa mume wangu, unajibu "Kinaendelea vizuri, mama," unakwenda kuosha vyombo.

Sasa mwaka huu wifi yangu Upendo, kitindamimba wa mama, akawa anapata kipaimara. Picha ya kipaimara kwa mama mkwe si jambo dogo. Watoto wake wote wako ukutani sebuleni, kila mmoja amepiga magoti, mkono wa mchungaji uko kichwani. Mama akaamua ya Upendo nipige mimi, na wala sikuomba. Nikajua huu ndio mtihani wangu: nikifaulu, kimchezo kitakuwa kazi, nikifeli, nitaosha vyombo mpaka nizeeke.

Nikafika kwao Jumamosi, jua limetoka, na kwa maringo yangu nikamwonyesha mama jinsi kamera inavyopiga picha mfululizo. Kuku alikuwa anakatiza uani, nikakandamiza kitufe, trrrrrrr! Mama akaruka. "Yesu wangu! Inashona kama cherehani!" Jioni hiyo kwenye mazoezi ya kwaya akawatangazia akina mama kwamba mkwe wake ana kamera ya ajabu, kwamba hakuna mtoto atakayekosa picha, na kwamba wapiga picha wengine wasijisumbue kuja. (Hilo la wapiga picha wengine sikulijua mpaka nilipoingia kanisani nikajikuta niko peke yangu.)

Nilipokosea ni hapa. Siku zote kamera yangu naiacha kwenye fokasi ya kushika mara moja, yaani ukibonyeza inashika unachokilenga, halafu inafyatua bila kuuliza tena, na ndiyo maana inakwenda mbio vile. Ubaya wake, mtu akisogea, picha zinazofuata hazitoki vizuri. Sasa asubuhi ya Jumapili, nakunywa chai, nikamwona jamaa mmoja mtandaoni akisema mpiga picha makini huiweka kamera kwenye fokasi ya kufuatilia, ile inayomfuata mtu akisogea, kisha anaiamuru isipige kamwe mpaka ihakikishe picha ni kali. Nikasema, si ndiye mimi huyo, makini? Nikabadilisha palepale, mkono mmoja una kamera, mwingine una kiazi kitamu. Sikujaribu hata picha moja. Yule jamaa alikuwa anaanza kusema "lakini kasi yake," mimi nikazima simu nikaenda kuvaa.

Tulipofika kanisani, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni, na ibada ilipopamba moto ukaingia ndani kama muumini. Kuta zimepakwa chokaa nyeupe, vijana wamevaa majoho meupe, taa zenyewe hafifu. Pembeni, mbele kabisa, wamekaa wapuliza tarumbeta, na baba mkwe wangu yumo, ndiye mwenye lile tarumbeta kubwa kuliko yote. Na kwetu huku, mwanamke na baba mkwe wake ni heshima ya mbali: shikamoo nampa nikiwa nimepiga goti, chakula namtengea naondoka, mkono hatupeani kabisa.

Vijana wakapiga magoti kwa mstari, mchungaji akaanza. Ana mkono mwepesi yule baba: anauweka, anatamka neno la Biblia alilochaguliwa kila mtoto, anauondoa. Nikalenga, nikakandamiza. Zii, zii, zii. Lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, inatafuta pa kushika, na itashika nini, nyeupe juu ya nyeupe ndani ya ukungu? Cha! Ikapiga moja. Kimya. Zii, zii. Kila picha ilikuwa inataka uhakika upya, na uhakika ulipopatikana mkono ulishahamia kichwa cha jirani. Cherehani yangu ilikuwa imekatika uzi.

Nikazidi kukandamiza (kana kwamba nguvu ingesaidia). Nikakumbuka kurudisha mpangilio wa zamani, lakini kwa ile hofu vidole vikaingia kwenye sehemu ya lugha, kamera yote ikageuka Kijapani. Sasa hapo nisome nini? Jasho likanitoka kwenye baridi ile. Nikitupa macho kwa akina mama, namwona mama mkwe amenyoosha shingo, anatabasamu, anajua mambo yanakwenda.

Ikafika zamu ya Upendo. Mkono ukawekwa. Zii, zii. Neno likatamkwa. Zii, zii, zii. Mkono ukaanza kuinuka, na mimi, wallahi sijui sauti ilitoka wapi, nikasema, "Mchungaji, naomba urudishe mkono!"

Nilidhani nimenong'ona, kumbe nimesimama karibu na kipaza sauti chake. Maneno yakatoka kwenye spika za ndani, yakatoka na za nje kwa wale waliokosa nafasi. Mchungaji akaniangalia juu ya miwani.

"Dada, unataka nimbariki mara ya pili?"

"Ndiyo, baba. Ya kwanza haikutoka."

Weee! Kuna mzee mmoja alianza kukohoa ili asicheke, akashindwa, na akishashindwa mzee mmoja basi wote wameshindwa. Mchungaji mwenyewe akaurudisha mkono, mtu wa watu yule. Zii, zii. "Imetoka?" akauliza. "Bado, baba." Upendo shingo imeanza kuzama. "Imetoka?" "Bado kidogo, baba." Nikarudi nyuma hatua moja nimpate vizuri. Bado. Nikarudi nyingine. Nikarudi ya tatu, kisigino kikagonga kitu, nikaketi.

Niliketi juu ya magoti ya baba mkwe.

Tarumbeta lilikuwa mdomoni mwake, amejiandaa kwa wimbo unaofuata, nalo likatoa mlio ambao hauko kwenye kitabu chochote cha nyimbo. Nilitaka kuinuka, nikateleza nikaketi tena. Na kidole changu bado kiko kwenye kitufe, na kamera imeangalia mbele, na kutoka pale nilipoketi ile fokasi ikaangukia penye ukingo wa joho jeusi la mchungaji na joho jeupe la Upendo, ikapata pa kushika, ikafurahi: trrrrrrrrrrr!

Nyuma ya sikio langu nikasikia sauti ya baba, ya chini sana, ya heshima zake zote: "Mwanangu, naomba uondoke."

Mchungaji akafuta machozi kwa ncha ya joho. "Sasa," akasema kwenye kipaza sauti, "nadhani imetoka."

Nyumbani nilijificha jikoni nikamenya viazi ambavyo hakuna aliyeniomba, nalia. Nililia kwelikweli, si utani, maana niliona nimemwaibisha mama mbele ya watu wake wote. Kwa baba mkwe nilipeleka blanketi jipya la kuomba radhi, ndiyo desturi ya huku, nikapiga goti mlangoni, akalipokea ameangalia ukutani huku mabega yanamtikisika. Kisha mama akaja, akaniambia nimwonyeshe. Nikafungua. Upendo amepiga magoti, mkono uko kichwani, amefumba macho kwa kicheko, na mchungaji anacheka pia, na kila kitu kiko wazi mpaka unyoya wa kope. Mama akaisogeza kamera karibu na macho.

"Wale wa ukutani wote wamenuna kama wanangoja sindano," akasema. "Huyu amebarikiwa na amefurahi. Nitolee hii, iwe kubwa."

Lakini watoto wa wenzake je? Wengi walikosa, na wazazi walikuwa wakali, wana haki yao. Mchungaji akatuokoa. Jumapili iliyofuata baada ya ibada akatoka nje kwenye nyasi, jua linawaka, mume wangu ameshairudisha kamera Kiingereza na mimi nimeirudisha fokasi yangu ya zamani. Mchungaji akawaambia vijana, "Maneno yalitoka wiki iliyopita. Leo ni mkono tu." Wazazi wakaanza kusukumana kila mmoja mtoto wake awe wa kwanza, na hapo nikamsikia mama mkwe anafoka kwa sauti iliyofika mpaka sokoni: "Pangeni mstari! Msimsumbue mkwe wangu, yuko kazini!"

Kazini! Macho yakanijaa, picha chache za mwanzo mimi sikuziona kabisa, bahati nzuri kamera iliziona.

Tangu siku hiyo nimeapa, mipangilio ya fokasi siigusi asubuhi ya kazi, hata aniambie nani. Nikitaka kujaribu jambo jipya najaribu Jumanne, mbele ya mbuzi wasio na usharika. Na kabla sijarudi nyuma hatua hata moja, nageuka kwanza nione baba mkwe amekaa wapi.