Kinyonga wa Vumbi la Sambaza

Mwaka gani? Usiniulize namba, namba niliziacha darasa la tatu. Ni mwaka tuliokula bugari wa manjano. Unga ulikuja katika magunia ya msaada, ulinuka ghala, na ukiusonga ulikuwa mgumu kama udongo wa matofali. Sambaza hawakuwapo. Ng'ambo ya ziwa watu walikuwa wanapigana, wavuvi wa Nkanka wakakatazwa kuingia majini na taa zao, na sisi tuliozoea samaki wale wadogo tangu tulipoota meno tukala maharagwe matupu. Aliyekula bugari ule anajua ni mwaka gani.

Nimeukumbuka kwa sababu ya hasira. Juma lililopita mwenzangu wa Bugarama alikuja kunitembelea na mchele wake, kama kawaida yake baada ya mavuno. Akaketi kwenye kiti changu kizuri, akawakusanya wajukuu zangu. Ndiyo, wajukuu. Nimeitwa bibi nikiwa na meno yangu yote. Kwetu tunaanza mapema, na sioni haya. Basi akawaambia: "Mimi na bibi yenu tulikuwaka na kinyonga yetu."

Yetu! Nilikuwa ninapepeta mchele wake. Nikasimamisha ungo.

Ngoja nikueleze wewe, usije ukasikia kwake kwanza.

Mwenzangu huyo alifika kwetu mwaka ule, msichana bado, na mama yake na kuku mmoja. Walikuwa watu wetu waliozaliwa Bukavu, wakarudi nyumbani kule kulipochafuka. Nyumba ilikuwa ya bibi yangu, mzaa baba. Baba na mama hawakuwapo tena. Hayo siyaandiki hapa. Chumba cha mbele kilikuwa kitupu, bibi akawapa. Na kwa kuwa mgeni hupakuliwa kwanza, yule msichana akawa anapakuliwa kwanza kila siku, kana kwamba ugeni wake hauishi. Tuligawana chungu, tukagawana mkeka. Blanketi la kijivu la msaada bibi alilikata katikati kwa kisu cha jikoni. Nikitaka kuegemea mapaja ya bibi, nakuta kichwa cha mtu kipo tayari, kinasukwa, na mwenye kichwa anaimba nyimbo za Bukavu. Nywele zangu zilisubiri. Na alikuwa na viatu. Vyeusi, vya kufunga kwa kifungo pembeni. Hata leo nikifumba macho naviona.

Kinyonga nilimwokota mimi. Peke yangu, kwenye kahawa, nikitafuta kuni. Alikuwa na pembe tatu puani, kijani kama jani la mgomba lililooshwa na mvua. Huku kwetu hata mtu mzima akikutana na kinyonga anaacha njia. Ndiyo maana nilimpenda haraka. Nilijua hakuna atakayetaka nimgawie.

Nilimweka nyuma ya jiko, juu ya tawi la kahawa nililolichomeka kwenye kopo kubwa la mafuta ya msaada. Asubuhi nilinyunyiza maji kwenye majani kwa vidole, maana kinyonga hanywi kwenye bakuli, hulamba matone. Halafu panzi. Hili nililigundua mwenyewe, bila mwalimu: panzi aliyeshinda na njaa ndani ya kopo ni ganda tupu, anayemla hapati kitu. Kwa hiyo kabla ya kumlisha kinyonga nililisha panzi. Niliwapa mboga ya lengalenga, majani ya boga, maganda ya viazi vitamu, wakanona hadi tumbo linang'aa.

Bibi alisimama mbali, mikono kiunoni. "Watu hawana mboga, wewe unapikia panzi!"

"Siwapikii, Bibi. Wanakula mbichi."

"Ee, basi wamenishinda. Mimi hata mbichi sijaziona."

Pamoja na hayo yote kinyonga akaanza kulegea. Miguu ilipinda kama mshumaa uliokaa karibu na moto. Ulimi ulitoka nusu, ukaning'inia, na panzi akaruka zake. Nilikuwa nimechuchumaa pale, roho mkononi, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Hii kinyonga yako iko na ugonjwa kama ya kuku yetu."

"Nani kakuita?"

"Kuku yetu ilikuwaka inataga mayai laini, bila ganda ya nguvu. Mama akaisagia maganda ya mayai, akachanganya na chakula. Weye, niache nijaribu."

Nikamwacha, kwa kuwa nilitaka kinyonga aishi. Alikausha maganda jikoni, akayasaga kwa jiwe hadi yakawa unga laini. Akatia unga kwenye kopo, akatia panzi wangu, akafunika kwa kiganja, akatikisa. Panzi wakatoka weupe kama watu waliotoka mashineni kusaga. Kinyonga akala mmoja, polepole, kama mgonjwa anayekunywa uji. Baada ya majuma machache miguu ikanyooka.

Na hapo ndipo nilipoumia. Wajua macho ya kinyonga, kila moja huenda njia yake. Moja lilinitazama mimi. La pili lilikuwa linamzunguka yeye, mwenye unga vidoleni. Nililichukia lile jicho la pili kuliko nilivyochukia vita. Siku moja nikakuta kinyonga amempanda mkono mpaka kwenye kiwiko, ametulia.

"Unaona? Ananijua."

"Anajua panzi. Na panzi ni wangu."

"Panzi bila unga itamufanyia nini?"

"Na unga bila panzi atalamba nani? Mama yako?"

Tuligombana hivyo kila siku, kinyonga kati yetu akibadilika rangi.

Halafu wakapewa kiwanja Bugarama, kule chini kwenye joto na mpunga. Mama yake akamfunga kuku miguu. Msichana akaja nyuma ya jiko amevaa viatu vyake vya kifungo, akanyoosha mkono kwenye tawi langu.

"Nipatie niende naye. Hapa hakuna mayai. Bila mayai atakufa, na weye unajua."

Nilijua. Kilima kizima kilikuwa na kuku yule mmoja. Wengine waliliwa na waliopita. Bibi akasema kutoka mlangoni: "Mpe mwenzako, mama. Unataka akufie mkononi?"

Nikasema: "Sigawi. Nilimwokota mimi, ni wangu."

Bibi hakuwahi kunisikia nikimkatalia. Mkono wake uliinuka, nikangoja kofi. Halikuja. Wageni wakateremka kilima, kuku akipiga kelele kichwa chini.

Miguu ikaanza kupinda tena. Nilishibisha panzi mpaka lengalenga la uani likaisha, bure. Kisha asubuhi moja nikakuta kando ya tawi bakuli la mti, ndani yake vumbi la kijivu. Niliinama nikanusa. Ziwa!

Bibi alikuwa na gunia alilochukulia sambaza sokoni zamani, ziwa lilipokuwa wazi. Kwenye mishono yake mlibaki vumbi la vichwa na miiba, naye alikuwa akilikung'uta kidogo kidogo juu ya maharagwe ili tupate harufu tu. Harufu ile ndiyo ilikuwa samaki wetu. Siku ile maharagwe hayakunuka kitu. Bibi, ambaye hakuthubutu kumsogelea kinyonga hata hatua kumi, alikuwa amefika mpaka kwenye tawi lake. Alikula akitazama sahani. Nami nikala nikitazama yangu.

Panzi wa sambaza hawakuwa weupe, walikuwa kijivu, na walinuka. Kinyonga alifyatua ulimi mrefu kuliko mwili wake. Aliishi mpaka mabeseni ya sambaza yakarudi sokoni Kamembe. Kisha, masika, mvua ikinyesha, alishuka kwenye tawi akaingia kwenye ua wa miti ya miyenzi, akawa rangi ya majani. Alikwenda kwa miguu iliyonyooka. Sikulia.

Kahawa ile ilikatwa. Ua ni ukuta wa saruji sasa. Wajukuu humwona kinyonga kwenye simu, wanamkuza kwa vidole viwili, wanacheka. Hakuna anayeacha njia, maana hakuna wa kukutana naye. Bibi tulimzika zamani, na mwenzangu alimlilia kwa sauti kubwa kuliko yangu. Hapo pia niliona wivu.

Basi juma lililopita alinitazama juu ya vichwa vya watoto, akacheka kwa upole. "Weye mwanamuke, tumezeeka. Unga yangu ndiyo ilimuponyesha. Sema tu mbele ya batoto, alikuwaka yetu."

Habari ya vumbi la sambaza sijawahi kumwambia. Mchele wake ninaula, na yeye halali njaa kwangu. Lakini kila nilichokuwa nacho mwaka ule kilikatwa katikati kwa kisu cha jikoni. Nikaweka ungo chini.

"Sigawi. Nilimwokota mimi, ni wangu."