Miji Tuliyompa Mlinzi wa Lango

Miaka ile watu binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, shangazi yangu alikuwa katibu muhtasi wa mnunuzi mmoja pale Mwanza mjini. Jumamosi mchana bosi akishaondoka, mimi na shangazi tulibaki ofisini kucheza gemu tuliyoikuta ndani ya kompyuta. Kijana anamtafuta baba yake katika ngome ya kisiwani, na kila lango lina fumbo.

Mimi nilipenda kupekua. Niliingia kila chumba, nikafungua kila pipa. Shangazi alichukia.

"Acha kufunua masufuria ya watu. Twende tukajue kama baba yupo."

Kwake mafumbo yalikuwa kama kizuizi cha ushuru barabarani, ya kuchelewesha hadithi tu. Na kwetu baba lilikuwa neno zito. Kaka yake, yaani baba yangu, alivuka ziwa kwenda machimbo ya dhahabu Geita kabla sijaanza shule, na hakuwahi kuniletea hata salamu.

Lango la mwisho lilikuwa na mlinzi aliyetega kitendawili. Tulijaribu kila jibu, mpaka ugali. Akakataa.

"Tumpe mji," shangazi akasema.

Si ndiyo desturi? Ukishindwa unatoa mji, mtegaji anajisifu weee, kisha anakutajia jibu. Akaandika Magu. Mlinzi akakataa. Akampa Sengerema pamoja na kivuko chake. Hola. Kwa uchungu akampa Mwanza nzima.

"Mshenzi huyu. Mwanza, na sato wake wote, hataki? Anataka Dar?"

Dar nayo aliikataa. Na Jumatatu kompyuta ilikuwa inahamishiwa ofisi ya Shinyanga, kwa hiyo basi tena. Mimi niliyejidai hadithi hainihusu nikaanza kulia kwa hasira.

Shangazi akazima mashine.

"Miji tumetoa, jibu ni haki yetu," akasema. "Nyuma ya lango baba yupo. Mzima, amenenepa, ana mke mwingine na duka la nondo."

"Na kijana?"

"Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Kisha akapanda kivuko akarudi kwa shangazi yake, maana maharage yalikuwa motoni."

Ngome gani ina duka la nondo? Nilifuta machozi.

"Shangazi, baba ulimwona lini?"

"Pasaka," akasema. "Beba mkoba, nifunge mlango."