Viti vya Majlisi na Alama ya Kujumlisha

Zouhoura Houmadi alizaliwa Mutsamudu tarehe 9 Aprili 1958. Anayetaka kuhakikisha aende akatazame daftari la vizazi la mji huo, jambo ambalo tangu kisiwa chake, Nzwani, kilipojitenga na Moroni Agosti mwaka jana linahitaji idhini ya serikali mbili zisizosalimiana.

Mwenyewe anaishi Moroni, mji mkuu wa Komoro, katika chumba cha uani kwa Bi Naïma, na kazi yake ni kupiga chapa. Kwa karibu miaka ishirini hakuna aliyejali alikotoka. Siku hizi mtaa husikiliza neno lake la kwanza tu: likitoka kwa lafudhi ya Nzwani, muuza ndizi anauliza, "Kwani bado uko?" Ni mzaha, lakini anauliza. Wapo wanaomshauri Bi Naïma amwondoe mpangaji wake. Bi Naïma amewajibu kwa vitendo: anamwoza binti yake kwa harusi kubwa, na mpango wa viti vya majlisi, baraza la wanaume katika harusi hiyo, yaani heshima ya wanaume wote wa mtaa, amempa Zouhoura auchape kwa kompyuta.

Mwanamume aliyekwisha kufunga harusi kubwa, ile ya desturi inayomeza akiba ya miaka, hukaa mbele. Asiyefunga, hata awe daktari, hukaa nyuma. Zouhoura alibuni njia ya kuwatofautisha: kila aliyetimiza alimwekea alama ya kujumlisha mbele ya jina. Kisha akachapa kama alivyofundishwa kwenye taipureta, macho kwenye mwandiko, asitazame kioo cha kompyuta hata mara moja. Mpiga chapa anayetazama anachochapa, husema, ni sawa na mpishi anayeonja kila kijiko.

Karatasi ilipotoka, watu wa nyuma wote walikuwa na majina yao, hadi yule kijana anayetengeneza redio. Safu ya mbele, kiti baada ya kiti, iliandikwa #NOM?, Kifaransa cha mashine hiyo, maana yake: jina?

Wa kwanza kuiona alikuwa Mzee Mouzaoir, ambaye hufika mapema kukagua kiti chake.

"Naulizwa jina? Mimi? Ndani ya Moroni?"

"Mzee, si mimi, ni hii mashine..."

"Kwenye harusi yangu hata ng'ombe walijulikana kwa majina! Kwenu mmejitenga na sisi, sasa mnatutenga na viti vyetu?"

Bi Naïma hakucheka. "Zouhoura mwenzangu," alisema polepole, "karatasi hii ikivuka mlango, mimi sitaweza kukutetea tena."

Simu ya Mutsamudu siku hizi hushika inapotaka. Siku hiyo ilitaka. Irfane, mdogo wake Zouhoura, mtunza hesabu katika ofisi moja ya bandarini huko, alicheka hadi laini ikakwaruza.

"Dada, mashine haimjui Mouzaoir wako. Inatazama alama ya kwanza. Ikikuta ya kujumlisha, au ya kutoa, au ya sawasawa, inasema hii ni hesabu, inaanza kutafuta Mouzaoir ni kiasi gani. Ikimkosa, inauliza."

"Na wa nyuma?"

"Wameanza na herufi. Inaona ni maneno, inawaacha wakae."

"Nifute alama zote?"

"Futa. Au tanguliza koma ya juu, ile inayoning'inia katika Kifaransa. Itajua kinachofuata ni maneno, na kwenye karatasi yenyewe haitoki. Wanakulisha huko?"

"Wananilisha."

"Basi rudi ukachape, kabla hawajaacha."

Alitaka kufuta. Mzee Mouzaoir, ambaye hakuwa ameondoka, alikataa katakata: alama ile aliihangaikia nusu ya umri wake, haifutwi na kidole cha mtu. Ikabidi koma. Mzee akasimama nyuma ya kiti cha Zouhoura, na safari hii Zouhoura alitazama kioo.

"Hicho kidude kinachonitangulia ni nani?"

"Ni koma, mzee. Haitaonekana."

"Hakuna atakayeiona?"

"Hakuna."

Mzee alitafakari. "Asiyeonekana anaweza kunitangulia."

Karatasi ya pili aliisoma kwa sauti, akianza na jina lake, akaondoka bila neno la lawama, jambo ambalo kwake ni msamaha kamili. Bi Naïma aliibandika kwenye lango kwa mkono wake.

Majlisi ni Jumamosi. Zouhoura atakaa na wanawake wa nyumba, si na wageni, na chumba cha uani bado ni chake.