Muheme Mbele ya Mabenchi

Wajukuu zangu wameleta santuri humu ndani. Wameipata kwa hao Wazungu wa mashamba ya karanga ya Kongwa, na sasa kila jioni wanalizungusha sanduku, mtu anaimba mle ndani, wao wamekaa kimya wanatikisa vichwa. Nikawauliza, huyo anayeimba anaitikiwa na nani? Wakacheka. Bibi, huyu haitikiwi, anasikilizwa tu. Basi nikamwambia huyu mmoja mwenye mwandiko mzuri achukue kalamu, na aandike ninavyosema, asinirekebishe. Mimi nimewahi kuimbia watu waliokaa kimya namna hiyo, siku niliyokwenda chuoni kumchukua mwanangu.

Ilikuwa enzi za Mjerumani. Reli ilikuwa imeshafika Dodoma na kupita kwenda huko mbele. Mimi nilikuwa mjane, nguvu bado ninazo, na ndimi niliyekuwa naongoza muheme kijijini kwetu. Muheme ni ngoma za wanawake. Unasimama, unaibana ngoma mapajani, unapiga kwa viganja, na wanaume kazi yao ni kucheza. Watu wa pwani walikuwa wakituona wanashangaa, eti mwanamke anapigaje ngoma na mwanamume yupo. Mimi nilikuwa nawashangaa wao. Sasa kwao mwanamke anapiga nini, vyombo?

Kila baada ya mavuno tulikuwa tunatoka kwenda kupiga kijiji hadi kijiji. Vibarua wa reli walipoweka kambi, tukafika hadi kambini kwao. Walitupa chumvi na vitambaa, nasi tuliwapa usingizi mzuri, maana mtu aliyecheza muheme tangu mchana hana nguvu ya kugombana. Safari moja askari wa boma alitusimamisha njiani, akataka kujua ngoma zote zile tunazipeleka wapi. Siku hizo Mjerumani akisikia ngoma anawaza vita. Wifi yangu, mcheshi yule, akamwambia tupishe au tukupigie. Akasema pigeni nione. Tulipiga, na askari akacheza na bunduki yake begani mpaka kofia ikaanguka. Tulicheka njia nzima, na safari zile nilizipenda kuliko kitu chochote.

Mwanangu wa pekee wa kiume alikuwa chuoni. Kilikuwa chuo cha misheni cha kufundisha vijana kuwa walimu, chini ya vilima, mwendo wa kutwa nzima kutoka kwetu. Baba yake ndiye aliyempeleka, kisha akafariki. Kijana alikuja nyumbani mara moja, akala mlenda wangu, akanawa mikono, akasema asante sana mama. Mtoto niliyemzaa ananishukuru kwa mlenda, kama mgeni aliyepitia njiani! Iliniuma kuliko kama angenitukana.

Sasa ng'ombe wetu walikuwa wanatunzwa na shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Mwaka huo, tulipomaliza kupura uwele, akaniita zizini.

"Shemeji, kijana arudi," akasema. "Ng'ombe ni wa baba yake, wanataka mtu wa nyumba yake. Mimi nina wangu na nina watoto wadogo. Mvua zikianza hajarudi, hawa nawaingiza kwenye zizi langu, na wewe usinilaumu."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka na alikuwa anasema haki. Ng'ombe wakishaingia zizi la mwingine, mjane anabaki kuomba maziwa. Na mimi, niseme kweli, nilifurahi kupata sababu. Nilikuwa namtaka mwanangu nyumbani.

Haikupita siku nyingi akaja mjumbe kutoka chuo hichohicho. Vijana wale walikuwa wanaruhusiwa burudani mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, na sifa zilikuwa zimeenea kwamba wanapokea wapigaji vizuri. Mwaka mmoja walikwenda wapiga tarumbeta wa beni, waliotoka pwani na gari moshi, wamevaa kofia za kijeshi. Mwaka mwingine alikwenda mtu wa zeze akawaimbia mpaka akakaukiwa na sauti. Safari hii walikuwa wanaomba muheme. Nikamwambia mjumbe tunakuja, hata sikumwuliza tutalipwa nini.

Njiani wifi akaniuliza nina mpango gani. Nikamwambia nitapiga, nitaimba, nitamtazama. Akiitikia wimbo wangu, basi bado ni mtu wetu, atafuata mwenyewe. Asipoitikia, basi kule wanamharibu, na itabidi nimtoe upesi.

"Kwa hiyo vyovyote vile anarudi," wifi akasema.

"Vyovyote vile."

Tukafika jua limeinama. Uwanja umefagiwa, umezungukwa na ua wa miiba, na vijana wameshapangwa kwenye mabenchi, safu nyuma ya safu, nguo nyeupe. Wengine walikuwa Wagogo, wengine Warangi kutoka Kondoa, wengine hata sikujua makwao. Wakatuamkia wote kwa pamoja, shikamooni, kama watu wanaosoma. Mkubwa wa chuo alikuwa Mzungu mrefu mwenye ndevu nyekundu. Alisema kwa Kiswahili chake, na mwalimu mmoja wa pwani, mtu mpole wa kanzu, akatugeuzia kwa Kigogo cha kuvunjavunja: mnakaribishwa, imbeni nyimbo za mavuno, hakuna kucheza, vijana watakaa. Nikadhani ni maneno ya kutukaribisha tu. Nani anaweza kukaa muheme ukilia?

Tulikoka moto mdogo kukausha ngozi za ngoma. Mzungu akaja mbio akidhani tunaunguza kanisa, mwalimu akamtuliza. Nikabana ngoma kubwa, nikaanza.

Kwetu wimbo una nusu mbili. Anayeimba anatoa nusu yake, halafu waliopo wanatoa nusu yao, kila mmoja kwa sauti yake, wengine juu, wengine chini, zinapandana mpaka hujui yako ni ipi. Nikatoa nusu yangu. Kimya. Nikadhani hawajasikia, nikaitoa tena kwa nguvu. Kimya. Mikono magotini, macho mbele. Mwanangu alikuwa benchi la pili, amenenepa mabega, ananitazama usoni, na mdomo wake umefungwa kama wa wenzake.

Wifi akaitikia peke yake kunifichia aibu. Wenzangu wakamsaidia, lakini ngoma zikawa zinapwaya. Kwetu ukiingia kwa mtu ukaimba na asikuitikie, amekwambia toka, na ametumia adabu tu kutokukupiga. Nilimaliza ule wimbo kwa hasira. Nilipoinua mikono tu, mabenchi yote yakaanza kupiga makofi, pa pa pa pa, kama watu wanaofukuza ndege shambani. Mmoja wetu alirudi nyuma akataka kukimbia.

Nikawaambia wenzangu funikeni ngoma. Nikaanza kufunga kamba. Nilikuwa nimeshajua la kumwambia mwanangu: twende, na usifungue mdomo njia nzima, maana umeshazoea.

Yule mwalimu wa kanzu akaja mbio. "Mama, mbona unafunga? Wamefurahi sana."

"Waliofurahi ni hao mabubu?"

"Hapa ndivyo tunavyoheshimu mgeni. Tunanyamaza, halafu tunapiga makofi. Na aliyetuomba tuwaite ninyi ni mwanao. Wengine walitaka beni irudi. Amebishana nao mwezi mzima."

Nikaacha kamba. Nikamtazama mwanangu. Hakuwa amehama, mikono ameirudisha magotini, lakini chini ya kisigino chake palikuwa pamechimbika shimo la kutosha kupanda boga. Mguu wake ulikuwa unapiga muheme muda wote ule, na mimi nilikuwa natazama mdomo.

"Mwambie mkubwa wako," nikamwambia mwalimu, "kwamba ule wimbo amesikia nusu tu. Nusu ya pili wanayo hawa vijana. Sisi hatuachi wimbo nusu kwa watu, hata kama watu wenyewe hawana akili."

Sijui yeye aligeuza vipi, nadhani lile neno la akili aliliruka. Mzungu akavuta ndevu zake, akafikiri. Baadaye niliambiwa alikuwa mtu wa kwaya, anapenda sauti za watu kuliko chakula. Akasema, basi, waitikie, ila wakiwa wamekaa. Halafu akauliza wataitikiaje, maana wengi si Wagogo na hawaujui. Mwalimu akaangalia huku na huku. Hapo mwanangu akasimama.

Alipita mbele yangu bila kunitazama. Akayagawa mabenchi matatu matatu. Hawa akawapa sauti ya chini, akaiimba mara moja, wakaishika. Hawa ya kati. Wale Wagogo wenzake akawapa ile ya juu inayoyumbayumba, ambayo mgeni akiijaribu anasikika kama mbuzi. Kijana mmoja wa Kondoa, mnene, alikuwa anaingia mapema kila mara. Mwanangu akamnyooshea kidole. "Wewe wa nyuma, unakimbilia wapi? Wimbo unakungoja."

Wifi akaniegemea. "Hayo maneno ni yako," akasema.

Yalikuwa yangu. Nilimwambia wifi mwenyewe maneno hayo, neno kwa neno, wakati mwanangu bado namfunga mgongoni nikifundisha wanawake. Na kufoka kwake kulikuwa kwangu, na kule kuinamisha sikio upande wa mtu anayekosea. Ila alikuwa na kitu ambacho mimi sina. Yule mnene alipokosea tena, mwanangu hakumtukana. Alikwenda akakaa naye benchi moja, akamwimbia polepole mpaka akaweza, na yule kijana akacheka kwa raha. Mimi hapo ningekuwa nimeshamfukuza zamani.

Basi tukapiga. Nikatoa nusu yangu, na nusu ya pili ikaja. Jamani, ilikuja. Watu wa makabila sijui mangapi, wengine hata maneno hawayajui, wameipokea sauti yangu wakaibeba. Nilipiga ngoma ile mpaka viganja vikawaka moto. Kukaa walikaa kidogo tu. Kwanza magoti, halafu mabega, halafu benchi moja likaanguka, na baada ya hapo hakuna aliyekuwa chini. Mzungu akageuka akawa anatazama vilima, akavitazama muda mrefu sana, na kichwa chake kinakwenda na ngoma. Nimepiga ngoma miaka mingi, sikuwahi kufurahi kama siku hiyo.

Tulipomaliza tukapewa uji na maziwa. Mwanangu akaja nilipokaa, akachuchumaa, akaniamkia, mbukwa, salamu yetu ya nyumbani. Kando yake ameweka mzigo umefungwa kwa mkeka.

"Huo wa nani?"

"Wangu. Baba mdogo alinitumia salamu za ng'ombe. Niliposikia mmekubali kuja, nikajua umenifuata. Nimeshamuaga mkubwa wa chuo. Tunaweza kuondoka sasa hivi, mama."

Alisema hivyo bila kununa. Aliniita nikawapigie wenzake, kisha akafunga mzigo wake, akangoja. Nilitaka kulia, na nilitaka kumzaba kofi kwa kukubali upesi vile. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu wa kukataa.

"Yule mnene wa Kondoa ameshajua ile sauti?" nikamwuliza.

"Bado. Ataijua."

"Nani atamfundisha?"

Akautazama mzigo wake.

"Kafungue huo mzigo," nikamwambia. "Ukishaufungua uje unisaidie kamba za ngoma, hawa wanawake wameshiba hawainuki."

Alikwenda. Sikumtazama akienda, niliinamia kibuyu changu cha uji nikanywa chote. Tulilala pale, na kesho yake akatusindikiza mpaka nje ya ua, akanishika mkono, hakusema asante.

Njia nzima wifi alikuwa anauliza, na ng'ombe je? Nikawa namwambia anyamaze nafikiri. Kweli nilikuwa nafikiri. Tulipofika nyumbani shemeji alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, ameegemea fimbo yake ya kuchungia. Alitutazama tukiingia mmoja mmoja, akatazama na nyuma yetu njiani.

"Kijana yuko wapi?"

"Yuko kazini."

"Kazi gani?"

"Kazi yangu," nikamwambia. "Sasa nipe hiyo fimbo, na mimi nifanye yake."

Alidhani natania, maana kwetu mwanamke hachungi. Akanipa huku anacheka. Asubuhi nikafungua zizi, nikatoka nao.