Mwenza wa Kasilda

Wiki ile nchi nzima ilikuwa ikingoja kusikia mgombea wa urais amemchukua nani awe mgombea mwenza. Kasilda alikuwa na jibu tangu Jumatatu, saa moja asubuhi, kabla chai yake haijapoa.

"Atamchukua yule mama wa Songea," alisema, akikata chapati vipande vinne. "Andikeni."

Hakuna aliyeandika, lakini hakuna aliyecheka pia. Kwenye mgahawa wa Dorice, karibu na stendi ya Inyonga, neno la Kasilda katika mambo ya siasa lina uzito wake. Mara mbili alishawahi kutaja jina siku kadhaa kabla halijatangazwa, na mara zote mbili waliombishia walimnunulia supu.

Safari hii mgombea mwenyewe kwao ni Pemba, na sheria inataka mwenza atoke upande wa pili wa Muungano. Kwa hiyo angekuwa mtu wa Bara. Ila Bara ni kubwa, na redio ya Dorice ilikuwa imeshayachoka majina. Wiki hiyo yalikuwa yamebaki mawili: waziri wa zamani kutoka Mwanza, mtu anayejaza uwanja akikohoa tu, na mama mmoja wa Songea, katibu mkuu mstaafu, ambaye Inyonga hapakuwa na mtu aliyewahi kumwona hata kwenye picha.

Aliyembishia Kasilda alikuwa Maduhu, Msukuma wa makamo aliyehamia Ilunde na ng'ombe wake miaka kumi na minne iliyopita, akaanza na mizinga ya nyuki baadaye. Watu humwita Baba Ngolo.

"Mama Alex, nieleze taratibu," alisema, akimwita Kasilda kwa jina la mwanawe. "Mtu ana watu wote wa Kanda ya Ziwa nyuma yake, unamwacha. Unaenda kumchukua mama ambaye hana hata kikundi cha ngoma. Kwa nini?"

"Wewe umeshawahi kupanda mti kurina asali?"

"Mimi mtu wa ng'ombe. Mizinga yangu naitundika chini, nafikia kwa mkono. Miti mirefu nimewaachia nyani na nyinyi Wakonongo."

"Ndiyo maana hujui. Mmoja anapanda, mmoja anabaki chini ameshika kamba. Huyo wa chini humchagui kwa ukubwa wa sauti. Unamchagua kwa kumwamini, kwa sababu ukishafika juu huwezi tena kumtazama."

"Na huyu wetu wa Mwanza?"

"Huyo ukimwacha chini, ukishuka unakuta ameshapanda mti wa jirani."

Watu walicheka. Maduhu alicheka nao, kisha akaweka kikombe mezani.

"Sawa. Lakini huyo mgombea akimruka mtu wetu, siku ya kura watu wetu wataenda kuchunga. Simtishi mtu. Nazungumzia urais."

"Na mimi nakusikia unazungumzia urais," alisema Kasilda.

Dorice alikuja kuondoa sahani kwa haraka isiyo na sababu. Kila aliyekaa pale alijua kwamba wawili wale walikuwa na uchaguzi mwingine, wa karibu zaidi.

Jumamosi ile chama cha ushirika cha wafuga nyuki kilikuwa kinachagua mwenyekiti, na Kasilda alikuwa anagombea. Kwa kanuni yao, mgombea huandika jina la makamu wake kwenye fomu ileile, nao hupigiwa kura pamoja, na wanachama huwa wanatania kwamba na wao wana Ikulu yao. Mshindani wa Kasilda alikuwa Yunus, mfanyabiashara wa asali mwenye duka Mpanda mjini, na alishamtaja makamu wake mapema. Kasilda alikuwa hajamtaja. Mwisho wa kurudisha fomu ulikuwa Ijumaa saa kumi alasiri.

Kilichokuwa kinagombewa si kiti. Chama kilikuwa kimepata mashine ya kuchuja na kufungasha asali, na mwenyekiti mpya ndiye angesaini mahali pa kuifunga. Yunus alitaka ikae Mpanda, kwenye umeme wa uhakika na wateja. Kasilda alitaka ikae Inyonga, kwenye asali. Kutoka Inyonga hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita mia moja, na mtu aliyezipita na ndoo sita nyuma ya pikipiki mwezi wa kumi na mbili hahitaji kuelezwa tofauti. Mashine ikienda mjini, alisema Kasilda, warina watabaki kuwa wabeba ndoo za watu.

Yeye aliijua asali tangu ikiwa mtini. Alikuwa na miaka kumi na saba baba yake alipoanguka kutoka kwenye mninga akavunjika nyonga. Kaka zake walishakwenda kwenye tumbaku. Wazee wa ukoo walisema mwanamke akipanda mti wa mzinga nyuki wanahama. Kasilda alipanda, nyuki wakabaki, na mwaka uliofuata wazee walileta vibuyu vyao kuomba asali kama kawaida. Sasa ana miaka hamsini na mmoja na mizinga mia na arobaini. Mumewe, mwalimu wa shule ya msingi, amekuwa akiulizwa kwa miaka mingi anajisikiaje mke wake akiwa juu ya mti. Hujibu kwamba anajisikia kama mtu anayekula asali.

Mtu wake wa chini kwa miaka kumi na tisa ni Lucas, Mfipa mpole aliyekuja kutafuta kibarua cha tumbaku asirudi kwao. Na kwa warina wa upande ule, mtu wa chini si kibarua. Ndoo ya kwanza inayoshuka ni yake, yote, kabla mwenye mzinga hajalamba kidole.

Kwa hiyo Jumatano, Kasilda alipokwenda kwa Lucas na fomu, hakwenda kuuliza. Alikwenda na kalamu.

Lucas alikuwa uani akisuka kamba mpya ya magome. Aliisoma fomu yote, akairudisha.

"Hapana, dada."

"Hapana nini?"

"Hapana, sitasaini. Hukuniuliza."

"Nakuuliza sasa."

"Sasa unaniarifu." Aliendelea kusuka. "Miaka kumi na tisa mimi natazama juu. Ukinisimamisha mbele ya watu mia, nitatazama viatu vyangu."

Kasilda alikaa kwenye kinu kilicholazwa. Hakuwa mtu wa kukataliwa mara nyingi, na hakujua mara moja aweke wapi mikono.

"Lucas, nikimwandika mwingine, nitamwamini vipi? Wewe hujawahi kuachia kamba."

"Sijawahi kuachia kwa sababu kwenye kamba kuna ndoo yangu. Wewe unadhani ni upole." Alitabasamu kidogo. "Upole ninao, lakini nisingeshikilia kamba kwa upole tu, na nyuki wananiuma masikioni. Sasa hiyo mashine, ndoo yangu iko wapi? Mimi sina mzinga hata mmoja. Ikikaa hapa, sawa. Ikienda Mpanda, mwanangu yuko kule, nitakwenda kumsalimia. Tafuta mtu ambaye mashine ikiondoka analala njaa."

"Unamsema nani?"

"Mizinga ya Ilunde ni ya nani?"

Kasilda alilijua jibu. Mizinga mingi ya Ilunde, njia mbovu kuliko zote, ilikuwa ya Maduhu na ndugu zake. Kupeleka asali Inyonga kuliwachukua nusu siku. Kuipeleka Mpanda kungewachukua siku mbili.

"Yule alinichomea mizinga," alisema.

"Alikuchomea. Sijasema ni mtu mzuri."

Ilikuwa miaka miwili nyuma, mwezi wa nane. Moto uliowashwa ili majani mabichi yachipue kwa ajili ya ng'ombe ulivuka korongo ukala mizinga kumi na tisa ya Kasilda, na nyuki ndani yake. Ilunde nzima ilijua ulianzia upande gani. Maduhu aliitwa kwenye kikao akasema moto hauna jina. Tangu siku hiyo waliketi meza moja kwa Dorice, wakabishana siasa na kutaniana kwa sauti kubwa, na jambo hilo hawakuligusa.

Alhamisi mchana redio ilitangaza. Mgombea, mbele ya umati, alimshika mkono mtu wa Mwanza akauinua juu. Mama wa Songea hakutajwa.

Ijumaa asubuhi mgahawa ulijaa mapema kuliko kawaida. Maduhu alikuwa amekaa kwenye kiti kinachotazama mlango, kofia imeinamishwa upande.

"Karibu, Mama Alex," alisema. "Vipi, mama wa Songea ameshafika? Tumemwekea kiti."

"Amechelewa basi," Kasilda alijibu. "Dorice, mpe Baba Ngolo supu. Ya mbavu. Nalipa mimi."

"Na pilipili," alisema Maduhu. "Ushindi bila pilipili haunogi. Sasa umeona? Mgombea ana akili. Hakutafuta mpole, alitafuta watu."

"Nilikosea. Nilimtafuta asiye na kelele, nikadhani huyo ndiye hataachia kamba. Sikuuliza ndoo ya nani inaning'inia."

Maduhu hakuelewa, na Kasilda hakumsubiri aelewe. Aliitoa fomu kwenye mkoba, akaifungua mezani, akaweka kalamu juu yake. Jina lake lilikuwa limeandikwa. Mstari wa chini ulikuwa mtupu.

Maduhu aliitazama. Kijiko kilibaki hewani.

"Ni kwa sababu ya redio?"

"Redio haina mizinga Ilunde. Wewe unayo. Mashine ikienda Mpanda mimi nitaumia, lakini wewe utaumia kunizidi. Kura za watu wako nazitaka pia, sitakudanganya. Ila usisaini bado. Kwanza sema ule moto ulianzia wapi."

Dorice alipunguza sauti ya redio, kisha akaizima kabisa.

"Hapa?" Maduhu aliuliza.

"Hapa. Kikao ulishaitwa, ukasema moto hauna jina."

"Mama Alex, hayo tungeyaongea nyumbani."

"Nyumbani sina wanachama."

Maduhu aliivua kofia akaiweka gotini. Mtu mmoja nyuma alitaka kutania, mwenzake akamgusa bega. Kalamu ilikuwa pale, na mwisho wa fomu ulikuwa saa kumi siku ileile. Kasilda alijua kwamba Maduhu akikataa, yeye hana jina jingine. Angeingia Jumamosi na mstari mtupu, na mstari mtupu kwa kanuni yao ni kujitoa. Hakuonyesha. Alikunja mikono akangoja, kama anavyongoja moshi upande hadi nyuki walegee.

"Ulianzia kwangu," alisema Maduhu mwishowe. "Niliwasha mimi mwenyewe. Nilitaka majani. Nilidhani korongo litauzuia, upepo ukageuka. Upepo haukuwa wangu, lakini kiberiti kilikuwa changu."

"Na kikao?"

"Kikao niliogopa. Mgeni akikubali kosa moja, anabebeshwa na yale ya zamani."

Kasilda aliitikia kwa kichwa polepole. Hakusema amesamehe, na Maduhu hakuomba. Kasilda alimsukumia fomu. Maduhu aliandika jina lake kamili, herufi kubwa, kisha akala supu iliyokuwa imeshaanza kupoa.

Jumamosi mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, wanachama mia moja na wanne wamebanana kwenye madawati ya watoto. Yunus alizungumza vizuri kuhusu umeme, barabara ya lami na wanunuzi wa Dar es Salaam. Kabla hajaketi aliongeza moja.

"Mwenzangu hapa amemchukua mtu aliyemchomea mizinga. Mimi namheshimu sana Mama Alex, dada yangu. Lakini mnisaidie kuelewa. Huyo atailindaje mashine?"

Kasilda alianza kuinuka. Maduhu alimtangulia.

"Bwana Yunus, mashine ikiungua Mpanda, utanunua asali kwingine," alisema. "Ikiungua Inyonga, mimi nakwisha. Kwa hiyo mimi nitalala nayo. Na msimu huu ng'ombe zangu zinakula majani makavu, kama wanavyokula wanaume wa Kikonongo ugali wa jana."

Kicheko kilianzia kwenye madawati ya Wakonongo. Mzee mmoja alidakia kwamba ugali wa jana ni bora kuliko maziwa ya juzi, na ikachukua dakika mbili msimamizi kurudisha utulivu.

Kura zilihesabiwa mbele ya wote. Kasilda na Maduhu walipata sitini na moja, Yunus na mwenzake arobaini na tatu. Si wafugaji wote waliompigia Maduhu, na baadhi ya Wakonongo wa ukoo wa Kasilda mwenyewe walimpa Yunus, wakasema wazi kwamba ni kwa ajili ya ule moto. Kasilda aliwasikiliza, akasema mwaka mmoja utawatosha kujua kama walikosea.

Msimamizi alileta hati ya mashine palepale kwenye meza ya mwalimu. Kasilda aliandika "Inyonga" kwenye nafasi iliyoachwa, akasaini, akaisogeza upande wa makamu wake. Maduhu aliusoma ukurasa wote, mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno. Wanachama walianza kukohoa na kuangalia mlango. Alipofika mwisho alirudi juu, akalisoma tena lile neno moja lililoandikwa kwa mkono, ndipo akaweka sahihi yake.