Posa ya Mtani

Nilifika Tabora bila kukusudia. Tiketi yangu ilikuwa ya Kigoma, na mpango nilikuwa nimeupanga vizuri tangu nyumbani Kisarawe: nimemaliza kidato cha nne, nitakwenda ziwani, nitapata kazi melini, nitaiona Kongo kwa mbali, na nikichoka nitarudi na hadithi. Nchi ilikuwa bado changa kama sisi wenyewe, na kila kijana mwenye suruali ndefu aliamini kwamba taifa linamsubiri mahali fulani mwisho wa reli.

Safari ya daraja la tatu ilikuwa ndefu kiasi kwamba abiria waligombana, wakapatana, wakagombana tena. Baada ya Morogoro tulikula ndizi, baada ya Dodoma tulikula vumbi, na kutoka Itigi kuendelea ulikuwa msitu wa miombo tu, mti baada ya mti, kana kwamba treni imesimama na msitu ndio unaotembea. Mzee mmoja wa Kinyamwezi aliyekaa mbele yangu alikuwa akinichungulia kila nilipojinyoosha mgongo.

"Babu yangu alipita njia hii hii kwa miguu," aliniambia, "pembe ya ndovu begani, mpaka pwani. Hakujinyoosha hata mara moja."

Tabora treni ilikaa sana, maana mabehewa ya Mwanza yalikuwa yakikatwa na ya Kigoma yakiunganishwa upya. Nikashuka kutafuta chochote cha kutia tumboni. Kulikuwa na mama mmoja mnene, kanga mbili, beseni la mandazi kichwani. Nikamwambia mandazi yake madogo, kwetu Kisarawe mtoto angekataa.

Akalishusha beseni polepole. "Kisarawe? Wewe Mzaramo?"

"Ndiyo, mama."

Kabla sijafunga mdomo, kofia yangu ilikuwa mkononi mwake. "Mzaramo hapiti nchi yangu kichwa kimefunikwa! Babu zetu mliwauzia maji ya madafu kwa bei ya dhahabu walipofika pwani wamechoka. Leo mnalipa."

Ndipo nilipokumbuka kwamba Mnyamwezi ni mtani wangu. Utani huo uliachwa na misafara ya zamani: watu wa bara na watu wa pwani walikutana njiani, wakapigana, wakauguzana, wakazikana, na mwisho wakakubaliana kutukanana kwa amani. Mtani anaweza kuchukua kitu chako mbele ya macho yako na hukasiriki. Unamjibu.

Basi nikamjibu. Nikamwambia Wanyamwezi ukiwapa kiti cha kukalia wanakibeba kichwani. Akasema Wazaramo hulima kwa macho. Watu wakatuzunguka, mmoja akaniongezea maneno, mwingine akamwongezea yeye. Nilikuwa nashinda, naapa nilikuwa nashinda, treni ilipoanza kuondoka na mzigo wangu ndani. Nilikimbia mpaka mwisho wa jukwaa. Nyuma yangu kituo kizima kilikuwa kinacheka.

Mama yule alinirudishia kofia, akanipa mandazi, akanichukua kwake mtaa wa Kanyenye. "Kesho kutwa kuna treni nyingine," alisema. Zilipita treni nyingi sana.

Alikuwa mjane. Aliishi na binti yake mmoja, mshonaji, ambaye cherehani yake ilikuwa barazani tangu asubuhi mpaka jua linapozama, akishona kaptura za shule. Mimi nilipangishwa chumba cha uani. Nikapata kazi ya kupima sukari na sembe katika duka la ushirika, na kila Jumamosi tulikwenda na majirani kulima shamba la ujamaa nje ya mji, ambako mama alitembea nyuma yangu akihesabu magugu niliyoyaruka.

"Tazameni mstari wa Mzaramo! Nyoka akipita hapa atapata kizunguzungu."

"Mama, mwache mume wangu," binti angesema kutoka mstari wa pili. "Analima kama anavyoweza."

Ndivyo alivyoniita tangu wiki ya kwanza: mume wangu. Nami nilimwita mke wangu, mbele ya mama yake, mbele ya mjomba wake aliyekaa mtaa wa Chemchem, mbele ya imamu. Watani huitana hivyo na hakuna anayeinua kichwa. Nikirudi kazini nilisimama barazani na kuuliza, "Mke wangu, chakula kiko wapi?" Naye bila kuacha kukanyaga cherehani, "Waulize wake wenzangu wa Kisarawe."

Siwezi kusema ni lini niliacha kutania. Labda siku aliponishonea shati kwa kipande cha kitambaa kilichobaki, mfuko mmoja rangi tofauti na shati lenyewe, nikalivaa dukani na kila mteja akaniuliza nimepatwa na nini. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja nilimwita mke wangu, nikageuka kutazama kama mama yake amesikia. Nilitaka kumwoa. Nilimtaka yeye na si mwingine, na mpango wa kwenda ziwani ulikwisha hapo hapo.

Sasa nikapanga mpango mpya, nao niliupanga vizuri kuliko ule wa kwanza. Nilihitaji mshenga, mtu mzima wa kunisemea. Wazee wangu wote walikuwa pwani. Mtu mzima pekee niliyemwamini mjini pale alikuwa jirani yetu, mstaafu wa reli, mtu wa sala na maneno mazito. Alikubali. Akashauri tusiende mikono mitupu, twende na mbuzi, ili wajue hatuchezi. Nilinunua beberu mweupe mwenye ndevu za heshima.

Jambo moja sikulifikiria, wala yeye hakulifikiria. Mshenga wangu alikuwa Mgogo. Na Wagogo, ambao misafara ile ile ilipita kwao ikiomba maji, ni watani wa Wanyamwezi kama sisi Wazaramo.

Tulikaribishwa kwenye jamvi. Mjomba alikuwepo kutoka Chemchem, maana nilikuwa nimeomba aitwe. Mshenga wangu akakohoa kikohozi cha kazi.

"Tumekuja kwa heri," alisema. "Humu ndani tumeona ua, na huyu kijana wetu..."

Mjomba alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama beberu aliyefungwa mlangoni. Kisha akajipiga paja.

"Dada! Njoo uone! Leo Mgogo na Mzaramo wamekuja kuposa! Na ndevu wameleta!"

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Mgogo, mvua imewakataa kwenu ndiyo mnakuja kuchuma maua ya watu?"

"Shemeji, leo sitanii," mshenga alisema.

"Umesikia? Hatanii!"

Nikasimama. Nilikuwa nimeazima koti, mikono ilinipita vidole. "Mama," nilisema, "wallahi nasema kweli. Nataka kumwoa binti yako."

"Anaapa! Mzaramo anaapa!" Mjomba alikuwa ameegemea ukuta, machozi yanamtoka. Majirani waliingia kujua kuna nini, wakaelezwa, wakakaa chini kucheka vizuri. Kadiri nilivyozidi kukaza uso, ndivyo walivyozidi kunisifu. Hawajawahi kuona mtani hodari hivi, walisema, anayefika mpaka kununua mbuzi. Na kwa kuwa mbuzi wa mtani ukimkuta mlangoni kwako ni wako, walimchinja. Mshenga wangu alijitahidi kununa, lakini harufu ilipoanza kutoka aliomba maji ya kunawa mikono. Maini nilipewa mimi. Nasikitika kusema yalikuwa matamu.

Binti hakuwa amecheka kama wengine. Siku chache baadaye, nikipita barazani, alisimamisha cherehani.

"Lile la mbuzi," aliuliza, "ulikuwa unatania?"

"Hapana."

Alinitazama sana. "Tatizo lako, hata unaposema hapana uso wako unacheka."

"Ndivyo ulivyoumbwa. Nifanye nini?"

"Basi acha kutania, tukuone."

Nikaacha. Nilitoka kazini, nikatoa shikamoo, nikala, nikashukuru, nikalala. Mama aliniita mvivu, nikasema ni kweli mama. Alisema Wazaramo wote wezi wa nazi, nikasema tunajitahidi kujirekebisha. Siku ya tatu alinishika paji la uso. Siku ya nne aliniletea uji wa ulezi na vidonge vya klorokwini, akasimama mpaka nikavimeza, masikio yakanivuma siku nzima. Shambani Jumamosi mstari wangu ulinyooka, na hilo ndilo lililomtisha kabisa. Nilimsikia akimwambia mjomba: "Mtoto wa watu ananifia mikononi, nitawaambia nini kwao?" Alikuwa analia. Kwa hiyo nilimwambia mandazi yake madogo. Akanirushia mwiko, na nyumba ikapona.

Mwezi ule ule alifika kijana mmoja wa Bukoba, bwana nyuki, aliyepangiwa kazi Usinge kuwafundisha wanavijiji mizinga ya kisasa. Alipita Kanyenye kushonewa suruali za kazi. Sina neno baya la kusema juu yake, na nimetafuta. Alisema kidogo, alilipa kwa wakati, na alipotuma washenga walikaa kwenye jamvi lile lile, wakasema maneno yale yale ya ua, na hakuna aliyecheka. Hakuwa mtani wa mtu yeyote mle ndani. Walikubaliwa kabla chai haijapoa.

Binti alinisubiri, nadhani. Jioni moja aliuliza tena, "Mume wangu, huna la kusema?" Nilikuwa na mengi. Lakini mama alikuwa jikoni, ametega sikio, na alichokuwa akisubiri kilikuwa kichekesho. Nilifungua mdomo, naye mama akaanza kucheka kabla sijasema lolote. Binti akageukia cherehani yake.

Siku ya harusi mjomba alinivuta pembeni. "Mtani, usituangushe."

Maana mtani ana kazi yake harusini. Bibi harusi hatolewi mpaka mtani afunge njia na alipwe ili apishe. Wakati wa kumtoa ulipofika nilijilaza mlangoni, kutoka mwimo mpaka mwimo, na shati langu la mfuko wa rangi nyingine.

"Hatoki mtu hapa!" nilipiga kelele. "Huyu ni mke wangu!"

Vigelegele. "Sema, mtani!"

Basi nilisema. Nilisema nampenda tangu aliponichukua vipimo vya shati na kuniambia nisimame wima. Nilisema nilikuwa nakwenda Kigoma na sasa sitaki kwenda popote. Nilisema nikiamka naisikia cherehani yake kabla sijasikia jogoo, na ikinyamaza sitajua kumepambazuka. Sikuwa nimewahi kusema maneno mengi ya kweli mfululizo namna ile, wala sijasema tena tangu hapo. Watu walianguka kwa kicheko. Mama mmoja alishikwa na kwikwi ikabidi apewe maji. Mjomba aliomba nirudie lile la cherehani.

Bwana harusi pekee ndiye aliyechanganyikiwa. Aliinama, akaniuliza kwa adabu, "Ndugu, desturi inadai nini?" Akaelezwa. Akaagiza jogoo mwekundu, mkubwa, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Kundi la wanawake lilinivuka, binti katikati yao amefunikwa. Nikiwa bado chini niliona vitambaa vyote vikitikisika kwa kicheko. Kimoja hakikutikisika. Kilisimama juu yangu kidogo, mpaka mtu akakisukuma kiendelee.

Niliondoka juma lile. Sikwenda Kigoma, nilipanda ya Mwanza, na tangu siku ile sijakaa mji mmoja mpaka majirani wanizoee. Sasa nimepita arobaini, nimeishi Bukoba, Arusha, Tanga, na kila ninapohamia wananiambia mimi ni mtu wa mzaha.

Siku ile ya kuondoka Tabora, mama alinisindikiza kituoni na mandazi ya njiani. Jogoo nilikuwa nimemkumbatia. Tulikaa kwenye benchi, naye hakunitukana hata mara moja. Kengele ilipogongwa alinishika mkono.

"Mwanangu," alisema, na hakuwahi kuniita hivyo, "maneno uliyoyasema pale mlangoni. Yalikuwa utani?"

Uso wake ulikuwa umeanza kubadilika. Niliona kwamba nikijibu kwa dhati kama alivyouliza, atarudi nyumbani kwenye baraza tupu na jibu langu, na atakaa nalo peke yake.

"Mama," nilisema, "nimwoe Mnyamwezi, nizae wapagazi?"

Alinipiga kofi la mgongo mpaka jogoo akapiga kelele. "Mshenzi mkubwa! Nenda! Nenda huko, na Mwanza wakakuchoke!" Alikuwa anacheka, anajifuta macho kwa ncha ya kanga, anacheka tena. Treni iliondoka na mimi ndani yake. Alitembea kando ya dirisha langu akinitukana, Wazaramo wote, nazi zao zote, mpaka jukwaa lilipokwisha, nami nilimjibu moja baada ya jingine, kwa sauti, hadi nilipokuwa na hakika hasikii.